Josiah Wedgwood: Mfinyanzi aliyeokolewa na daftari la gharama

MWAKA 1772 kiwanda cha vyombo vya udongo cha Josiah Wedgwood, huko Staffordshire katikati ya Uingereza, kilionekana kwa nje kuwa biashara isiyo na shida yoyote. Malkia alikuwa mteja wake. Matajiri wa London walijaa dukani kwake wakitafuta vyombo vya mapambo. Maagizo yalikuwa yakitoka hadi nchi za nje. Ndani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Mwenye kiwanda hakuwa na fedha za kutosha mkononi, ghala lilikuwa limejaa mali ambayo haijauzwa, na hakuweza kusema kwa uhakika chombo kipi kinamletea faida na kipi kinamla.

Hali hiyo si ngeni kwa mtu aliyewahi kuendesha duka, karakana au banda la kuku. Wateja wapo, mauzo yapo, lakini fedha hazionekani. Wengi hufikia hapo wakaanza kumtafuta mchawi. Wedgwood alikaa chini na madaftari yake, akapiga hesabu upya kuanzia udongo unapoingia kiwandani hadi kikombe kinapomfikia mnunuzi. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya akumbukwe na wahasibu mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mfinyanzi tu aliyeacha shule akiwa mtoto.

Alizaliwa mwaka 1730 katika kijiji cha Burslem, akiwa mtoto wa mwisho wa familia kubwa ya wafinyanzi. Burslem ya siku zile haikuwa na lolote la kumvutia mgeni. Kila familia ya wafinyanzi ilikuwa na tanuri lake nyuma ya nyumba, moshi ulitanda, na udongo ulichimbwa hata barabarani na kuacha mashimo. Vyombo vilivyotoka pale vilikuwa vizito, vya rangi nyeusi au kahawia, na wachuuzi walivibeba mgongoni au juu ya farasi kwenda kuviuza kwenye magulio. Watu wenye uwezo hawakuvitaka. Wao walinunua kaure kutoka China, au vyombo vya madini ya fedha.

Baba yake alifariki mwaka 1739, Josiah akiwa na miaka tisa. Kiwanda kilirithiwa na kaka mkubwa, Thomas. Mdogo wao aliandikiwa urithi wa pauni 20. Haukupita muda akaugua ndui. Alipona, lakini ugonjwa ulimwachia goti bovu la mguu wa kulia, na hilo lilikuwa pigo kubwa kwa sababu gurudumu la mfinyanzi lilizungushwa kwa mguu. Mwaka 1744 alipoandikishwa kuwa mwanagenzi wa kaka yake kwa miaka mitano, ilikuwa inajulikana kwamba kijana huyo hatakuwa fundi wa gurudumu kama wenzake.

Alilazimika kujishughulisha na mambo mengine ya kazi hiyo: kuchanganya udongo, kutengeneza kalibu, kupika rangi na kuchunguza moto wa tanuri. Alipomaliza uanagenzi aliomba kuwa mbia katika kiwanda cha familia. Thomas alikataa. Aliona mdogo wake anapoteza muda na mali kwa majaribio yasiyo na kichwa wala miguu.

Daftari la siri

Baada ya kuhangaika huku na huko, mwaka 1754 alipata mbia wa maana, Thomas Whieldon, mmoja wa wafinyanzi bora wa Staffordshire wakati huo. Whieldon alimruhusu kufanya majaribio. Wakati huo biashara ya vyombo ilikuwa imedorora, bei zilishuka, na kila mfinyanzi alishindana na jirani yake kwa kupunguza bei na ubora kwa pamoja. Wedgwood aliona kuwa njia hiyo mwisho wake ni wote kufa njaa. Alitaka kutengeneza chombo ambacho jirani hana.

Mapema mwaka 1759 alianza kuandika daftari la majaribio. Kila jaribio lilipewa namba. Aliandika udongo gani umetumika, umechanganywa na nini, kwa kiasi gani, na chombo kiliwekwa sehemu gani ya tanuri. Namba hiyo hiyo iliwekwa kwenye kipande chenyewe kabla hakijaingia motoni. Maandishi yalikuwa ya siri, kwa alama na tarakimu, ili fundi atakayehama asiondoke na maarifa ya tajiri wake. Mengi ya majaribio hayo yalishindwa, nayo yaliandikwa vilevile kwa uangalifu uleule. Mtu anayeandika alichoshindwa harudii kosa lilelile msimu ujao, na hapo ndipo wakulima na mafundi wengi hupotea. Hukumbuka mbegu iliyozaa vizuri, lakini hawakumbuki walipanda lini na waliweka mbolea kiasi gani.

Mwaka huohuo alianza kujitegemea. Alikodi karakana ndogo ya ndugu zake hapo Burslem, iliyojulikana kama Ivy House. Miaka michache baadaye alihamia nyingine kubwa zaidi, ambako aliweka kengele ya kuwaita wafanyakazi kazini. Wafinyanzi wa Burslem walikuwa wamezoea kuja wanapotaka na kulewa wanapotaka, hasa Jumatatu. Kengele ile haikuwafurahisha.

Mwaka 1764 alimwoa Sarah, binamu yake, binti wa mfanyabiashara tajiri wa jibini. Baba mkwe hakuwa na haraka. Alitaka kwanza kuona kijana ana mali kiasi gani, na mazungumzo ya fedha yalichukua muda mrefu kabla ndoa haijafungwa. Sarah hakuja kukaa tu nyumbani. Alijifunza alama za siri za daftari na kumsaidia mumewe kuandika majaribio, na vyombo vipya vilipita kwanza mbele ya macho yake. Yeye ndiye aliyejua kama kifuniko kinakaa sawasawa na kama mkono wa birika unashikika.

Chai ya malkia

Majaribio hayo yalizaa vyombo vya rangi ya krimu, vyepesi, laini, vinavyostahimili maji ya moto na vinavyoweza kutengenezwa kwa wingi bila kubadilika rangi. Bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya kaure. Mwaka 1765 Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, aliagiza seti ya vyombo vya chai yenye mapambo ya dhahabu na maua ya kijani. Kupaka dhahabu kwenye vyombo vya aina hiyo kulikuwa na matatizo mengi, na agizo lenyewe halikuwa na faida kubwa. Wedgwood alilikubali.

Seti ilipofika ikulu na kumpendeza malkia, mwenyewe aliomba ruhusa ya kujiita mfinyanzi wa malkia, na vyombo vyake akavipa jina la vyombo vya malkia. Kuanzia hapo hakuwa anauza sahani na vikombe tu. Alikuwa anauza kile anacholia malkia. Wake wa matajiri walitaka kama cha malkia, wake wa wenye maduka wakataka kama cha wake wa matajiri. Akawa anagonga jina lake kwenye udongo kabla haujakauka, jambo ambalo wafinyanzi wengi wa wakati huo hawakulifanya kwa utaratibu. Aliyenunua sahani nzuri kwa jirani wa Wedgwood hakujua arudi kwa nani. Aliyenunua ya Wedgwood aligeuza tu upande wa chini akasoma.

Alichapisha orodha ya bidhaa zake na kuifasiri kwa lugha nyingine, kikiwemo Kifaransa. Alijitolea kulipia usafiri wa mizigo kwenda London, kufidia vilivyovunjika njiani, na kupokea tena chombo ambacho mteja hakuridhika nacho. Mambo hayo leo yanaonekana ya kawaida. Kwa mnunuzi wa wakati ule, aliyezoea kubeba hasara yake mwenyewe, yalikuwa mageni.

Katika uuzaji alikuwa na mtu wa kumtegemea. Mwaka 1762, akiwa safarini Liverpool, goti liliumia tena akalazwa. Daktari wake alimletea mgeni wa kumpunguzia upweke, mfanyabiashara aliyeitwa Thomas Bentley. Bentley alikuwa amesoma, amesafiri, anajua lugha na anajua matajiri wanapenda nini. Wawili hao wakawa marafiki na baadaye wabia katika vyombo vya mapambo. Bentley alikaa London na kuendesha duka, Wedgwood akabaki kiwandani. Waliandikiana barua karibu kila mara, na barua za Wedgwood ndizo zinazowawezesha watu wa leo kujua alichokuwa anafikiri, pamoja na kukata tamaa kwake.

Mfereji na mguu

Tatizo lililomsumbua mfinyanzi yeyote wa Burslem lilikuwa barabara. Udongo mweupe ulitoka kusini magharibi mwa nchi, ukaja kwa meli hadi karibu na Liverpool, kisha ukabebwa na farasi juu ya njia za matope. Vyombo vilivyokamilika vilirudi kwa njia zilezile, na vingi vilifika vimekuwa vigae. Wedgwood alijiunga na watu waliotaka kuchimbwa mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey. Alitoa fedha zake, akaandika barua, akawashawishi wenye ardhi na wabunge, akawa mweka hazina wa mradi bila mshahara. Bunge liliruhusu mwaka 1766, na Wedgwood ndiye aliyechimba jembe la kwanza. Mfereji ulikamilika mwaka 1777, ukiwa na urefu wa kilomita 150 hivi.

Hakuwa anafanya hisani. Kabla maji hayajafika alikwisha nunua eneo ambako mfereji ungepita, ili mashua zipakie na kupakua mlangoni kwake. Kiwanda hicho kipya alikiita Etruria, kwa jina la nchi ya kale ya Italia iliyosifika kwa vyombo vya udongo.

Wakati ujenzi unaendelea, goti lilimshinda. Tarehe 28 Mei 1768, nyumbani kwake, madaktari walimkata mguu wa kulia. Dawa za usingizi na ganzi za upasuaji zilikuwa bado hazijagunduliwa, kilichokuwapo ni afyuni. Inaelezwa kuwa alikaa kwenye kiti akiangalia. Siku ileile karani wake aliandika barua kwenda London, akaeleza kwamba barua ya wenzao imefika lakini haiwezi kujibiwa, kwa kuwa tajiri amekatwa mguu. Ndani ya wiki chache Wedgwood alikuwa anaandika barua za biashara kwa mkono wake. Baadaye alitembea kwa mguu wa mti, na kiwandani kukabaki masimulizi kwamba akikuta chombo kibovu juu ya meza ya fundi alikivunja kwa mguu huo.

Etruria ilifunguliwa Juni 1769. Kazi iligawanywa vipande vipande. Wa kuchanganya udongo alichanganya tu, wa kutia mikono kwenye vikombe alitia mikono tu, wa kuchora alichora tu. Mafundi wa zamani, waliojua kutengeneza chombo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hawakuipenda. Palikuwa na faini kwa mchelewaji na mleta pombe. Watoto nao walifanya kazi humo, kama ilivyokuwa katika viwanda vyote vya nchi hiyo wakati huo, na Wedgwood hakuwa bora kuliko wenzake katika hilo.

Mwaka wa dhiki

Kufikia mwaka 1771 biashara ilikuwa inakimbia kuliko mwenyewe. Vyombo vya mapambo vilikuwa na wapenzi wengi mno kiasi kwamba kila wiki ilibuniwa aina mpya. Kisha likaja wazo la kuwatumia watu wakubwa wa Ujerumani vifurushi vya vyombo bila wao kuagiza, kila kimoja kikiwa na mali ya pauni 20 hivi, pamoja na barua ya kueleza bei. Aliyependa alipe, asiyependa arudishe. Bentley aliliogopa wazo hilo. Wengi walilipa, lakini kwa taratibu zao za kitajiri, na kwa miezi mingi mali ya Wedgwood ilikuwa njiani au majumbani mwa watu wasiojulikana. Huko ni kukopesha mali kauli kwa mtu ambaye hujawahi hata kumwona.

Juni 1772 mwenye benki mmoja wa London alitoroka baada ya kupoteza fedha katika kamari ya hisa. Hofu ikaenea, benki kubwa ya Scotland ikasimamisha malipo, na mikopo ikakauka nchi nzima. Walionunua vyombo vya mapambo ndio waliokuwa wa kwanza kuacha, kwa kuwa hakuna anayekufa kwa kukosa chombo cha kuwekea maua. Maghala ya Wedgwood yalijaa. Mafundi walihitaji mishahara kila wiki. Wadaiwa walikuwa wengi, na waliokuwa na vyeo vikubwa ndio walikuwa wagumu kuliko wote kudaiwa.

Hadi hapo alikuwa anapanga bei kama wafinyanzi wenzake: kwa kukisia, kwa kuangalia anayeuza jirani, na kwa kutazama mfuko wa mteja. Sasa akataka kujua kila chombo kinamgharimu nini hasa. Alianza na yaliyo rahisi, yaani udongo, makaa ya mawe na ujira wa fundi kwa kila hatua. Kisha akaingiza yale ambayo watu huyasahau. Kalibu zinazochakaa. Vyombo vinavyopasuka tanurini. Kodi. Mshahara wa karani. Vijana wa kufagia na kubeba. Gharama za duka la London. Kila kimoja kiligawanywa kwenye vyombo kwa kadiri kilivyohusika.

Matokeo yalimshtua. Vyombo viwili vya ukubwa mmoja, vilivyokaa rafu moja na kuuzwa kwa bei zinazokaribiana, vilikuwa na gharama zilizotofautiana sana. Kimoja kilimlisha, kingine kilimla. Alikuwa amevipangia bei kwa macho.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Aligundua kwamba gharama ni za aina mbili. Udongo na ujira wa kipande huongezeka kadiri vyombo vinavyoongezeka. Lakini kodi, kalibu, makarani na walinzi wa ghala hulipwa vilevile, chombo kiwe kimoja au elfu. Hizo alizifananisha na saa inayoendelea kutembea bila kujali kama mtu anafanya kazi au amelala. Kwa hiyo kutengeneza aina nyingi, vipande vichache vya kila aina, ndiyo njia ya kujifilisi. Kutengeneza vingi vya aina zinazouzika ndiko kunakoshusha gharama ya kila kimoja.

Leo mwanafunzi wa biashara hufundishwa jambo hilo wiki za mwanzo, na bado wafanyabiashara wengi huliona kwa mara ya kwanza mtaji ukiwa umekwisha. Mfano ni fundi cherehani anayelipa kodi ya chumba shilingi 60,000 kwa mwezi. Akishona sare 30, kila sare imebeba shilingi 2,000 za kodi kabla hajanunua uzi. Akishona 120, kila moja imebeba shilingi 500. Fundi huyo akitoza bei ya jirani mwenye kazi nyingi huku yeye ana sare 30, anafanya kazi ya bure na hajui. Mfugaji wa kuku anayejumlisha chakula na chanjo, akasahau kodi ya banda, taa na vifaranga waliokufa, yuko katika safari hiyohiyo. Hata mshahara wake mwenyewe haumo kwenye hesabu.

Uchunguzi wa madaftari ulifichua na uchafu mwingine. Hesabu za duka la London zilikuwa miezi mingi nyuma, na karani mkuu wa huko alikuwa akijichotea fedha. Wedgwood alimtuma karani wake mwaminifu kutoka kiwandani kwenda kupanga madaftari upya, na utaratibu ukawekwa wa kufunga hesabu kila wiki badala ya kusubiri mtu atakapopata nafasi. Inafaa kukumbuka kuwa wizi huo haukugunduliwa kwa sababu kuna mtu alimshuku karani. Uligunduliwa kwa sababu tajiri alitaka kujua gharama ya chombo kimoja.

Kisha akafanya maamuzi. Aina zenye hasara ziliachwa au zikapandishiwa bei. Utengenezaji ulipunguzwa hadi mali iliyokuwa ghalani ipungue. Wadaiwa waliandamwa. Na kwa vyombo vya mapambo aliamua kushusha bei kwa makusudi. Matajiri walikuwa wamekwisha vinunua na kuvipa heshima. Sasa watu wa kati, ambao ni wengi zaidi, walivitaka, na kwa kuwa kalibu zilikuwa zimekwisha lipiwa, angeweza kuviuza kwao kwa bei ndogo na bado akapata faida. Kushusha bei bila kujua gharama ni kujitupa kisimani. Yeye alijua kina cha maji.

Biashara ilivuka mwaka huo, na mwaka uliofuata ilipokea agizo lililomfanya asikike Ulaya nzima. Malkia Catherine wa Urusi aliagiza seti ya vyombo 952, vikiwa na picha zaidi ya 1,200 za majumba na mandhari za Uingereza, kila moja ikichorwa kwa mkono. Malipo yalikuwa zaidi kidogo ya pauni 2,700. Baada ya kulipa wachoraji faida ilikuwa ndogo sana. Safari hii, hata hivyo, Wedgwood aliijua hesabu kabla ya kuanza na akakubali kwa macho mawili. Mwaka 1774, kabla vyombo havijasafirishwa, alivipanga katika duka lake jipya la London na kuwaalika watu wa heshima kuja kuvitazama. Malkia Charlotte naye alikuja. Waliokuja kutazama walipita katikati ya bidhaa nyingine za kuuza.

Miaka ya mwisho

Katika miaka hiyo alikamilisha pia aina ya udongo aliyoiita jaspa, wenye rangi ya buluu na michoro myeupe iliyoinuka juu yake, baada ya majaribio ya maelfu. Tatizo la kukisia joto la tanuri kwa macho lilimkera hadi akabuni kipimo chake, kilichotumia vipande vya udongo vinavyosinyaa kwa kadiri moto unavyozidi. Kwa kazi hiyo wanasayansi wa Uingereza walimpokea katika Royal Society mwaka 1783. Mwaka 1787 alitengeneza nishani ndogo yenye sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo na kupiga magoti, ikiwa ni alama ya kampeni ya kupinga biashara ya utumwa. Hakuiuza. Aliigawa bure kwa wanakampeni, na watu walivaa kama kipini au pambo la nguo.

Bentley alifariki mwaka 1780, na Wedgwood hakupata tena mbia wa kumwandikia barua za namna ile. Wanawe wa kiume aliwasomesha vizuri, wakaishi kama watoto wa matajiri, na hawakuonyesha hamu ya kushika udongo. Binti yake Susannah aliolewa na Robert Darwin, na mtoto wao Charles, aliyezaliwa mwaka 1809, ndiye yule mwanasayansi maarufu. Josiah hakumwona mjukuu huyo. Alifariki Etruria tarehe 3 Januari 1795. Mali aliyoacha inakadiriwa kufikia pauni 500,000, kutoka urithi wa pauni 20.

Baada ya kifo chake uendeshaji wa kila siku uliachwa kwa mpwa wake, Tom Byerley. Wana walikuwa mbali, ufuatiliaji wa hesabu ukalegea, madeni ya wateja yakaachwa yazeeke. Byerley alipofariki mwaka 1810, mmoja wa wanawe wa kiume, naye akiitwa Josiah, alirudi kwenye madaftari na kukuta hali si nzuri. Mwaka 1828 duka la London lilifungwa, na mali ya zamani pamoja na baadhi ya kalibu zikauzwa. Kampuni iliendelea kuishi kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka 2009 ilipowekwa chini ya wafilisi na kununuliwa na watu wengine.

Mwaka 2014 mkusanyiko wa vyombo na maandishi ya kiwanda nusura uuzwe ili kulipia pengo la mfuko wa pensheni wa wafanyakazi. Wananchi na taasisi za Uingereza walichanga fedha wakaununua wote. Umehifadhiwa Barlaston, kilomita chache kutoka Burslem, pamoja na daftari la majaribio lililoanzishwa mwaka 1759 na vipande vidogo vya udongo vyenye namba zake.